Kura zile zile, hesabu mbili

Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2010 ulihesabiwa mara mbili, kwa njia mbili tofauti, na majibu yakatoka mawili. Sizungumzii wizi. Nazungumzia kanuni zilizoandikwa ndani ya Katiba yetu, mchana kweupe, ambazo sijawahi kusikia mgombea akizieleza jukwaani.

Hesabu ya kwanza ni ya majimbo. Nchi ilikuwa na majimbo 239. CCM ilipata asilimia 60 hivi ya kura za wabunge, ikachukua majimbo 186, yaani karibu asilimia 78 ya viti vyote vya majimbo. Chadema ilipata karibu asilimia 24 ya kura, ikaambulia majimbo 23. CUF ilipata asilimia 10 na ushee, ikachukua majimbo 24. Hapo rudi usome tena: chama chenye kura zaidi ya mara mbili ya mwenzake kilipata jimbo moja pungufu. NCCR-Mageuzi, ambayo kitaifa haikufika hata asilimia tatu, ilipata majimbo manne, na yote manne yalitoka kwa majirani zetu sisi wa Tabora, mkoa wa Kigoma: Kigoma Kusini, Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. TLP na UDP wakapata kimoja kimoja.

Hesabu ya pili ni ya viti maalum vya wanawake. Mwaka ule vilikuwa 102. CCM ilipewa 67, Chadema 25, CUF 10. Chukua kikokotoo cha simu yako: viti 25 kati ya 102 ni asilimia 24 na nusu, na Chadema ilikuwa na karibu asilimia 24 ya kura. Viti 10 ni karibu asilimia 10, na CUF ilikuwa na asilimia 10 na ushee. CCM ilipata theluthi mbili ya viti hivyo, juu kidogo ya kura zake, lakini kuna majimbo kadhaa ambako wagombea wake walipita bila kupingwa na kura hazikupigwa kabisa, kwa hiyo ile asilimia 60 nayo inaipunja kidogo. Kwa ujumla, upande huu wa Bunge ulifanana na wananchi walivyopiga kura. Upande wa pili haukufanana.

Kura zilikuwa zile zile. Watu wale wale waliopanga foleni tarehe 31 Oktoba, wino ule ule kidoleni. Kilichobadilika ni kanuni ya kugeuza kura kuwa kiti.

Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 kwa hesabu iliyowekwa hapo, na Ibara ya 78 inasema wanapatikanaje: kila chama kilichopata angalau asilimia tano ya kura zote halali za wabunge, nchi nzima, kinapata viti kulingana na kura zake. Huu ndio unaoitwa uwakilishi wa uwiano. Kwa hiyo mtu akikwambia Tanzania haiwezi kuendesha uchaguzi wa uwiano kwa sababu ni jambo geni, la Wazungu, gumu kwa wananchi, mwambie tunaliendesha tangu siku nyingi. Tumelifungia tu kwenye chumba cha wanawake. Na hapa niseme lililo moyoni: wabunge wa viti maalum ndio wanaodharauliwa kuliko wote, wanaitwa wa kupewa, wa kubebwa, wanaulizwa jimbo lao liko wapi. Ilhali ukipima kwa rula ya kura, wao kama kundi ndio waliogawanywa kwa haki kuliko wale wanaojigamba kwamba wametumwa na wananchi. Lawama zao za kweli ziko kwingine, kwenye namna vyama vinavyopanga majina, na nitafika huko.

Tunapogombana juu ya uchaguzi hapa nchini, ugomvi ni juu ya mwamuzi. Nani anateua Tume ya Uchaguzi, nani anasimamia jimbo, wakala katolewa nje saa ngapi, fomu imebandikwa au haikubandikwa. Ni ugomvi halali na sitaudogosha. Lakini hata ukimleta mwamuzi malaika, kama kanuni za mchezo zinasema anayeongoza kwa goli moja anachukua magoli yote, matokeo yatakuwa ya malaika na bado yatapotosha.

Nilikuwa karani kwenye kituo kimoja cha hapa Tabora mjini mwaka huo wa 2010, kama walimu wengi tunavyokuwaga. Darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, ramani ya Afrika juu ya ubao, joto la Oktoba kabla mvua hazijashuka. Wasioingia vituoni huwa wanadhani kuhesabu kura ni kazi ya haraka. Msimamizi wa kituo anatoa karatasi moja sandukuni, anaikunjua, anaigeuza mawakala waione, anasoma jina, anaiweka kwenye fungu lake. Ikitokea mtu ameweka alama katikati ya visanduku viwili, kazi inasimama, mawakala wanainama wote, taa inasogezwa, wanabishana kama nia ya mpigakura inaonekana au haionekani. Mwingine alikuwa ameandika jina la mgombea wake kwa herufi kubwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, chini ya karatasi. Ikaenda kwenye zilizoharibika. Mafungu yanafungwa kwa mpira, yanahesabiwa tena, ndipo fomu inajazwa na mawakala wanatia saini.

Kijana aliyekuwa wakala wa chama kilichoshika nafasi ya pili pale kituoni alilitazama fungu lake likifungwa. Halikuwa dogo hata kidogo. Akaniuliza, “Mwalimu, hizi sasa zinakwenda wapi?” Nikamjibu kwamba zinakwenda kujumlishwa. Akasema kujumlishwa anakujua, yeye anauliza baada ya hapo. Jibu kamili ni kwamba zina safari mbili. Kwenye jimbo, safari yao inaisha pale matokeo yanapotangazwa: mgombea kashindwa, na kwa miaka mitano fungu lile halina mtu bungeni. Kwenye jumla ya taifa, zile zile zinaendelea kuishi, zinasaidia kumpeleka mwanamke mmoja bungeni kwa orodha ya chama chao. Sidhani kama kuna mpigakura mmoja kwenye ile foleni aliyejua hili. Karatasi yenyewe haisemi.

Ukitaka mfano wa mkoa wetu wenye majina na namba, nenda Igunga. Rostam Aziz alipojiuzulu ubunge mwaka 2011, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 2 Oktoba, na wanaokumbuka watakwambia vumbi lake: viongozi wa kitaifa wamepiga kambi, nyumba za wageni zimejaa. Dalaly Kafumu wa CCM alitangazwa kwa kura 26,484. Joseph Kashindye wa Chadema alipata 23,260. Ukiacha kesi iliyofuata mahakamani, ambayo ina hadithi yake ndefu, zitazame namba zenyewe tu. Watu zaidi ya elfu ishirini na tatu wa jimbo moja walisema jambo moja, na kwa hesabu ya jimbo ilikuwa sawa na kama wasingeondoka nyumbani. Wangekuwa elfu mbili, matokeo yangekuwa yale yale.

Sasa waweke Igunga na Kigoma pamoja. NCCR-Mageuzi mwaka 2010 walikuwa wachache nchini, lakini walikuwa wamekusanyika sehemu moja, na mfumo wetu unampenda aliyekusanyika. Chadema walikuwa wengi lakini wametawanyika: elfu ishirini hapa, elfu kumi na tano pale, nafasi ya pili mkoa hadi mkoa. Mfumo unamwadhibu aliyetawanyika. CUF ilipata majimbo yake mengi visiwani, ambako majimbo yana wapigakura wachache kuliko ya huku bara. Hakuna kati ya haya linalotokana na ubora wa sera za mtu. Ni suala la makazi: wafuasi wako wanaishi wapi, na mipaka ya majimbo imechorwa wapi.

Na matokeo yake tunayaona kwenye tabia. Chama chenye mkusanyiko wa kikanda kinajifunza kuongea kikanda. Chama kilichotawanyika kinajifunza kuacha baadhi ya maeneo kabisa, kwa sababu kura elfu kumi za jimbo ambalo huwezi kushinda hazina faida ya kiti. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, viliachiana majimbo, ambalo lilikuwa jambo la akili kwa mfumo uliopo, lakini kwa mpigakura maana yake ilikuwa kwamba chama chake hakipo kwenye karatasi. Kachaguliwa upinzani wa kuchagua. Na huko kwenye ngome, uchaguzi halisi unafanyika miezi kabla, kwenye kura za maoni, ambako wajumbe mia kadhaa ndio wanaoamua mbunge wa watu laki mbili. Ile kauli ya “wajumbe si watu” tuliicheka sana mwaka 2020. Mimi nadhani tuliwaonea wajumbe. Wamepewa madaraka ambayo yangekuwa ya jimbo zima, na mgombea anajua hivyo, kwa hiyo bahasha inaelekea kwao.

Tabora ina haki ya pekee ya kuzungumzia mifumo ya kura. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa, na ajenda iliyokaribia kuipasua haikuwa sera ya ardhi wala kodi. Ilikuwa kanuni ya kupiga kura. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura, apende asipende, achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake inaharibika. Wazungu walikuwa kama elfu ishirini tu nchi nzima, na Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu, lakini viti sawa kwa sawa. Juu ya hapo, kuandikishwa kulikuwa na masharti ya elimu, au cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, fedha ambayo mkulima wa Unyamwezi aliisikia kwa jina tu.

Wengi waliofika mkutanoni walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaunda chama chake. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walishinda kila mahali, Wazungu na Waasia wao wakiwemo.

Hadithi hii tunaisimulia kila mwaka kama ushindi wa hekima, na ni kweli. Ila kuna kipande chake huwa tunakiacha. Walioingia kwenye kura tatu hawakuzipenda hata baada ya kushinda nazo. Waliendelea kuzipinga hadi zikaondolewa, na uchaguzi wa 1960 haukuwa nazo tena. Mtu kukubali kucheza kwa kanuni mbovu, akashinda, kisha akaibadilisha kanuni iliyomshindisha: hilo ndilo lililo adimu. Ingawa, tuseme yote, kanuni iliyobaki 1960 ilikuwa ile ya Waingereza ya mshindi wa jimbo, na TANU ikazoa viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Nani angelalamika wakati ule? Nchi nzima ilikuwa inataka uhuru. Kanuni ikabaki, imenyamaza, ikisubiri nchi iwe na zaidi ya mawazo mawili.

Kwenye kijiwe cha kahawa ninapokaa jioni, Gongoni, kuna mzee mmoja ambaye nikianza maneno haya huwa ananikatiza na jembe na nyumba. Vijana huenda hamzijui. Enzi za chama kimoja, karibu kila jimbo lilipata wagombea wawili, wote wa chama, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, aliangushwa kwa utaratibu huo. “Mwalimu, chama kilikuwa kimoja lakini mkubwa alianguka,” mzee husema, na anaweka kikombe chini kwa kishindo kidogo ili hoja iingie. Sikubaliani naye kwamba zama zile zilikuwa na haki zaidi, maana anayechuja majina mawili kabla hujafika ndiye aliyekuchagulia. Lakini anagusa jambo: mpigakura anapenda kuwa na uwezo wa kumwangusha mtu kwa jina lake. Mfumo wowote mpya unaomnyima hilo, hata uwe na uwiano wa hesabu za dhahabu, watu wa kwetu wataukataa, na watakuwa na haki.

Waliotuachia kanuni hii nao inawasumbua. Julai 2024 Uingereza, Labour walipata karibu asilimia 34 ya kura wakachukua viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14 na ushee, viti vitano. Liberal Democrats, waliopata kura pungufu ya hao, viti 72. Kule mambo hayo yanaishia kwenye makala za magazeti na wabunge kununiana. Kwetu Afrika yanaweza kuishia barabarani, na mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Lesotho.

Mei 1998 Lesotho walipiga kura kwa mfumo kama wetu, majimbo 80. Chama tawala cha LCD kilipata asilimia 60 hivi ya kura. Kikachukua viti 79. BNP, chenye takribani robo ya kura zote, kikapata kiti kimoja. Robo ya nchi, kiti kimoja. Wafuasi wa upinzani hawakuamini kwamba hesabu kama hiyo inaweza kutokea bila kuibiwa. Wakakusanyika mbele ya ikulu wiki kwa wiki, na Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, watu wakafa, katikati ya mji wa Maseru kukateketea. Jambo linalonikereketa ni hili: hata kama kila kura ilihesabiwa kwa uaminifu, kanuni yenyewe ilikuwa na uwezo wa kutoa 79 kwa 1. Waliokuwa barabarani walimtafuta mwizi ndani ya masanduku, na wakati huo huo kanuni ilikuwa imeandikwa kwenye sheria wazi wazi.

Baada ya moto wakakaa mezani. Wakabakiza majimbo 80, wakaongeza viti 40 vya kufidia: unaangalia chama kimepata kura ngapi nchi nzima, majimbo mangapi, halafu unajaza pengo. Mwaka 2002 LCD ilishinda tena karibu majimbo yote, lakini BNP, kwa kura zaidi kidogo ya moja ya tano, ilipata viti 21. Siasa za Lesotho hazijawa asali tangu siku hiyo, serikali za mseto zimevunjika na kuundwa mara nyingi, lakini ile hoja ya robo ya nchi kukosa sauti ilikufa. Afrika Kusini nao tangu 1994 wanagawa viti 400 kwa uwiano. ANC waliposhuka hadi asilimia 40 mwaka 2024 walipata viti 159, wakalazimika kutafuta wa kushirikiana nao. Rwanda pia wanatumia orodha na uwiano, kwa hiyo asije mtu akadhani uwiano peke yake ndiyo demokrasia.

Kwa kiti cha urais sitarefusha, ingawa huko ndiko kelele ziliko. Ibara ya 41 inatosheka na mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Mwaka 1995 alitakiwa kuvuka nusu. Sharti hilo likaondolewa mwaka 2000. Malawi walikuwa na maandishi yanayoelekeana na ya kwetu, rais akatangazwa mwaka 2019 kwa asilimia 38 na nusu, mahakama yao ikafuta uchaguzi na kusema wingi maana yake ni zaidi ya nusu, wakarudia Juni 2020. Kwetu mahakama haiwezi hata kufungua faili, maana Ibara hiyo hiyo, kifungu kidogo cha saba, inakataza kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba katazo hilo linavunja Mkataba wa Afrika. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilikuwa imeshalitibu, pamoja na nusu ya kura na mgombea huru. Iko kabatini.

Linganisha na ubunge. Kigoma Mjini, uchaguzi mdogo wa 1994, Dk. Aman Kabourou, mgombea aliyetangazwa kushindwa, alikwenda mahakamani, matokeo yakafutwa, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Moja ya hoja ilikuwa upendeleo wa Radio Tanzania. Mbunge wa Kigoma anahojiwa, rais hahojiwi. Nimekaa na wanasheria kadhaa juu ya hili na sijasikia sababu inayosimama kwa miguu yake.

Najua nitaulizwa: uwiano una maana gani baada ya Oktoba 2025? Chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi, intaneti ilizimwa siku ya kura, watu walipoteza maisha, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Ukigawa viti kwa uwiano wa asilimia 98 unapata Bunge la asilimia 98. Hilo ni kweli kabisa. Hesabu nzuri haiwezi kutibu uchaguzi usio na washindani, na Tume isiyoaminika inaweza kuharibu mfumo wowote ule duniani. Ninachokataa ni kusubiri kwa zamu: kwanza Tume, halafu baada ya miaka ishirini ndipo tuzungumze kanuni za viti. Mazungumzo ya Katiba yakifunguka tena, na naamini yatafunguka, meza itajaa watu wenye hoja ya mwamuzi. Nani atakuwa amebeba hoja ya hesabu?

Binafsi nimepima mifumo miwili. Wa kwanza ni ule wa Lesotho: majimbo yanabaki, viti maalum vinaacha kuwa kiinua mgongo cha ziada na vinakuwa vya kufidia pengo, bado vya wanawake. Mageuzi yake ni madogo, kwani viti tunavyo, asilimia tano tunayo, kinachobadilika ni mstari mmoja wa fomula. Wa pili ni mkoa mzima kuwa eneo moja la uchaguzi. Tabora ina majimbo 12, kuanzia Igunga na Manonga hadi Kaliua na Ulyankulu. Chukulia chama kimoja kina nusu ya kura za mkoa, cha pili theluthi, cha tatu kilichobaki, na wote wametawanyika sawasawa. Leo cha kwanza kinabeba viti vyote 12. Kwa uwiano, sita, vinne na viwili.

Naupenda wa pili kwa hesabu, ila mkoa wetu ndio mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo. Mtu wa Sikonge mwenye daraja lililokatika atamfuata nani, mbunge anayeishi Nzega? Wabunge kumi na wawili wa wote wanaweza kugeuka kuwa wa hakuna mtu. Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili na kwa sasa Lesotho wananishinda.

Mzee wa Gongoni anasumbuliwa na jambo jingine, nalo ndilo zito kuliko daraja. “Hiyo orodha anaipanga nani?” Nikamwambia chama. Akacheka, na kijiwe kizima kikacheka naye, maana kila mmoja pale ana ndugu aliyewahi kugombea viti maalum na anajua majina ya juu hupatikanaje. Basi nikamweleza wanavyofanya Finland. Karatasi yao ina nafasi ya kuandika namba, na kila mgombea ana namba yake. Ukiandika 57, kura yako inakiongezea chama viti, na papo hapo inampandisha mgombea wa 57 juu ya wenzake wa chama kile kile. Viongozi wa chama hawapangi wa kwanza ni nani. Na mkubwa aliyechokwa anaweza kuangushwa na mwanachama mwenzake bila chama kupoteza kura.

Alinyamaza akiisukuma kashata mdomoni. Kisha akasema hiyo anaielewa, ni jembe na nyumba, ila safari hii nyumba ni nyingi. Lakini akaweka sharti: namba peke yake hapana, kuna watu huko Ulyankulu wataandika namba ya simu. Waweke na picha.